Binti wa P6 anasoma Kiingereza kama mtangazaji wa redio, ukimuuliza maana anatazama dari. Alama za kusoma zinapanda au zinashuka?

BabaTatu_Busia

Wakuu, salaam. Mimi humu huwa nasoma na kupita, leo imenibidi niandike.

Juzi jioni umeme ulikatika, tukahamia barazani. Binti yangu wa kati yuko P6, darasa la sita la msingi huku kwetu Uganda. Nikampa kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni dukani, nikamwambia anisomee. Akasoma habari nzima ya Kiingereza, ya bei ya mahindi, bila kukwama hata mara moja. Jirani aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama kumsikiliza, nami kifua mbele. Basi nikamuuliza, "Hapo wanasema bei imefanyaje?" Akanitazama. Nikauliza kwa Kiswahili, nikauliza kwa Kisamia, lugha zote za nyumba yetu zikaisha. Mwishowe akasema, "Baba, mwalimu huwa anatuambia tusome. Haulizi."

Nikaenda sandukuni kutoa ripoti yake ya muhula uliopita. Kiingereza: 84.

Shule siitaji, sikuja kugombana na mtu. Ninachotaka kujua ni hiki. Kila matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, yakitoka, redio inasema kufaulu kumepanda. Wiki mbili baadaye redio hiyohiyo inasema watoto wetu hawajui kusoma. Kazi yangu hapa mpakani ni ya forodha, nalinganisha karatasi mbili na kuona ipi inadanganya, lakini hizi zimenishinda. Mwenye takwimu za miaka mingi aziweke hapa, si za mwaka mmoja.

Mpita_Njia

84 na bei ya mahindi haijui? Mkuu usimsumbue mtoto, huyo anaandaliwa uwaziri.

Mwalimu_Chaki

BabaTatu, pole, na asante kwa kuuliza swali ambalo sisi walimu tunalikwepa. Nafundisha Kiingereza P6 na P7 upande huu wa Tororo, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Kwanza iondoe PLE kwenye mizani. Haikutengenezwa kutuambia kama watoto wa mwaka huu wanasoma kuliko wa mwaka jana. Ni mlango wa kuingilia S1, mwaka wa kwanza wa sekondari. Masomo manne, kila somo 1 hadi 9, 1 ndiyo bora, na jumla yake, agrigeti, ni 4 kwa aliyepasua na 36 kwa aliyelala. Maswali yanabadilika kila mwaka, kwa hiyo ukichukua asilimia ya mwaka huu ukaiweka juu ya ile ya miaka mitano iliyopita umelinganisha debe na kilo.

Pili, fungua karatasi yenyewe ya Kiingereza. Maswali 55. Sehemu A ni maswali 50 ya alama moja moja: jaza nafasi, andika wingi, geuza sentensi kama ulivyoagizwa. Sehemu B ni maswali matano ya alama kumi kumi, na humo ndimo utakutana na kifungu cha habari na maswali yake ya ufahamu. Sasa piga hesabu. Nusu ya karatasi mtoto anaweza kuipita bila kusoma kitu kirefu kuliko sentensi. Na nusu hiyo ndiyo inayofundishika haraka. Tunachukua mitihani iliyopita, tunaifanya Jumamosi, tunaifanya alfajiri kabla ya uji, mpaka mtoto akiona "No sooner" mkono wake unaandika "than" wenyewe, kichwa hakijaamka bado.

Nimefanya hivyo na muhula ujao nitafanya tena. Mzazi anahesabu waliopata daraja la kwanza kwenye bango la getini, na hedimasta anahesabu wazazi.

Hiyo 84 hainishangazi. Mitihani ya muhula shule nyingi hununua imeshachapwa, na wachapishaji wanapenda Sehemu A kwa sababu inasahihishwa upesi.

BabaTatu_Busia

Mwalimu, umenitoa jasho. Kwa hiyo huyu wangu anaweza kufika P7, akapita, akaenda S1, na gazeti la sabuni bado limemshinda?

Mwalimu_Chaki

Wapo wengi. Mwalimu wa S1 atakwambia.

Namba_Kwanza

Nimefuata uzi tangu mwanzo. Niliwahi kuajiriwa kwa mkataba kuingiza data za tathmini, kwa hiyo jikoni napajua kidogo.

UNEB, baraza la mitihani lenye hiyo PLE, lina kipimo kingine ambacho redio haikipigii kelele, kinaitwa NAPE, tathmini ya taifa ya elimu. Kilianza 1996. Hakimpi mtoto cheti wala nafasi ya shule, ndiyo maana hakuna anayekikaririsha. Wanachukua sampuli ya watoto wa P3 na P6, na kuanzia 2008 wakaongeza S2.

Kwa P6, Kiingereza, wale waliofikia kiwango cha umahiri: mwaka 2003 alikuwa mtoto mmoja kati ya watano. Mwaka 2007 ni kama nusu. Mwaka 2010 bado nusu. Mwaka 2011 ikaporomoka hadi karibu wanne kati ya kumi, ikakaa maeneo hayo mpaka 2014, halafu 2015 ikarudi nusu. Ukiichora ni mlima Elgon uliochorwa na mlevi.

Watoto hawabadiliki hivyo. Waliokuwa P6 mwaka 2014 na wale wa 2015 walikalia madawati yaleyale, wakafundishwa na walimu walewale, wengine ni ndugu wa tumbo moja. Alama zikiruka zaidi ya kumi katika miezi kumi na miwili, shuku rula kabla ya kushuku kitambaa. Kifungu kimoja kigumu, au mstari wa umahiri ukisogezwa nukta chache, na nchi nzima inaonekana imeamka au imelala.

Njoo S2. Mwaka 2008, wanafunzi wanne kati ya watano walihesabiwa mahiri wa Kiingereza. Kufika 2014 ni nusu. Hapo wengi walilia kwamba sekondari imeoza. Lakini USE, ile ya serikali kulipia karo, ilianza 2007 na kila mwaka lango likapanuka. Waliokuwa wakibaki nyumbani baada ya P7 wakaingia darasani na Kiingereza chao cha kubahatisha. Wastani unaoshuka kwa sababu mlango umefunguliwa si sawa na unaoshuka kwa sababu mwalimu hafiki. Kwetu vimetokea vyote viwili kwa pamoja, na nani alichangia kiasi gani hapo ndipo ugomvi ulipo.

Mpita_Njia

Kwa hiyo jibu ni lipi, juu au chini? Mimi ni mtu wa boda, nataka mwelekeo.

Namba_Kwanza

Subiri abiria ashuke kwanza.

Kagera_Juu

Jamani majirani, mbona mnazunguka mbuyu? SACMEQ, mpango wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika wa kupima elimu, iliwapima darasa la sita wa nchi zetu zote, mtihani mmoja, wastani wao waliuweka 500. Kusoma mwaka 2000: Uganda 482, Tanzania 546. Mwaka 2007: Uganda 479, Tanzania 578. Sisi msingi tunasoma Kiswahili. Nyie mnampa mtoto lugha ya mgeni halafu mnashangaa hajui bei ya mahindi. Mnakaribishwa Mutukula, twisheni tunatoa.

Namba_Kwanza

Kagera, namba zako ni sahihi, ila umeacha jirani wa tatu nje ya picha. Kenya mwaka 2000 walipata 547, mwaka 2007 wakapata 543, na mtihani walifanya kwa Kiingereza kama sisi. Kwa hiyo lugha ina mkono wake, lakini haibebi mzigo wote. Mtoto wa Malaba upande wa Kenya na wa Malaba upande wetu wanacheza mpira uwanja mmoja.

Ila umenisaidia kwa jambo ambalo hukulikusudia. Tazameni: kati ya 2003 na 2007, NAPE inasema umahiri wa P6 uliongezeka zaidi ya mara mbili. SACMEQ, darasa lilelile la P6, kutoka 2000 hadi 2007, inasema 482 kwenda 479, yaani tulisimama palepale. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili kwa namna tunavyovisoma. Mimi naiamini zaidi SACMEQ kwa jambo hili moja la mwelekeo, kwa sababu walirudisha baadhi ya maswali yaleyale ili duru mbili zilinganishwe. Mtu wa boda, jibu lako hilo: tumesimama, injini inawaka.

Na kusimama si aibu tupu. Mwaka 1997 UPE, elimu ya msingi bila karo, ilipoanza, watoto zaidi ya milioni 2 waliingia P1 kwa mkupuo. Nchi iliyomwagiwa watoto kiasi hicho bila kuongezewa walimu kwa kasi ileile ingeweza kuanguka vibaya. Lakini pia kumbukeni upande wa pili: kundi hilo lilipofika P7 mwaka 2003 lilikuwa halifiki nusu milioni. Wengine walirudia darasa, wengi waliacha. Unapompima P6 unampima aliyebaki kwenye basi. Walioshuka njiani hawamo kwenye wastani wowote.

Kagera_Juu

Hilo la Kenya nimelimeza na maji. Na nisiwe mnafiki, wetu wakifika kidato cha kwanza masomo yote yanageuka Kiingereza, hapo ndipo na sisi tunagonga ukuta. Nyie mnagonga mapema, sisi tunagonga tukiwa na ndevu.

NubiWaBombo

Wanangu, nimewasoma. Mimi ni mzee wa Bombo, askari mstaafu, Kiswahili nilikikuta kambini na Kinubi nikanyonya.

Tulipokuwa shule palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika ukisema lugha ya mama unavishwa shingoni, nawe unatafuta wa kumtegea ili umvishe. Jioni aliyebaki nacho anachapwa. Nilijifunza nini? Nilijifunza kunyamaza. Miaka yote ya shule nilikuwa mtoto mpole, walimu wakinisifu kwa adabu, kumbe sina neno la kusema. Nilianza kuongea jeshini, kwa Kiswahili, nikiwa na miaka ishirini. Kusoma kitu na kukielewa nilianzia hapohapo, kwenye maelezo ya redio ya upepo.

Sasa naona wajukuu hawavishwi kibao lakini kipo, kimehamia ndani. Tarehe 5 Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Amin naye alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wakazidi kukichukia kwa sababu ya waliokuwa wakikisema usiku mlangoni. Sasa je, kuna mtihani wowote unaompima mtoto wa Uganda kusoma Kiswahili? Nauliza, sijui wanaopima wanapima nini.

Mpita_Njia

Mzee Nubi, shikamoo. Leo sitanii.

MamaFuraha_Nakivale

Jambo kwenu wote. Mie ni mama wa Kongo, Kiswahili yangu ni ya Bukavu, musinicheke.

Mutoto wangu mukubwa kule alikuwa mwaka wa tano, anasoma Kifaransa, anasoma Kiswahili, anasomea baba yake Biblia kila jioni. Tulipofika hapa kambini wakamuuliza kwa Kiingereza, akanyamaza. Wakamuweka P3. Ana miaka kumi na tatu, anakaa na batoto ba miaka nane, magoti inagonga meza. Siku watu wa kupima walikuja, walipima P3, na yeye akapimwa. Akashindwa. Kwa karatasi yao ni mutoto wa P3 asiyejua kusoma. Kwa nyumba yangu ni yeye anasoma barua za watu wote wa mustari wetu.

Munasema alama zinashuka. Labda ni sisi tulizishusha, hahaha.

Namba_Kwanza

Mama Furaha, hakuna wa kukucheka. Umeeleza kwa magoti ya mtoto jambo ambalo mimi nimelihangaikia aya tatu. Darasa si umri, na lugha ya mtihani si kusoma kwenyewe.

Ndiyo maana mimi napenda namna ya Uwezo, mpango mwingine wa kupima watoto kusoma. Hawa walianza kwetu karibu 2010. Hawaendi kupima shuleni, wanaingia nyumbani, anayesoma na aliyeacha wote wanapimwa, na kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 wanatumia karatasi ileile ya kiwango cha P2: herufi, neno, aya, kisha hadithi fupi yenye maswali. Nyumbani kwa Mama Furaha wangemkuta yule kijana. Na wanachokikuta tangu mwanzo ni kwamba watoto wengi wa P3 hawawezi hadithi ya P2, na hata huko P6 na P7 bado kuna wachache ambao hadithi ya P2 inawashinda. Hao wa P7 ndio wanaonikosesha usingizi, maana miaka mitano imewapitia juu ya kichwa.

Mwalimu_Chaki

Wacha niwaambie wanapotelea wapi, maana nawapokea wakiwa wameshapotea.

Ni P4. Mtaala wa mada ulioanza 2007 unasema P1 hadi P3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Vizuri kabisa. P4 ni mwaka wa kuvuka, P5 kila kitu Kiingereza. Sasa fikiria mtoto wa kijijini hapa kwetu. P3 anasoma Kijopadhola, polepole, lakini anacheka mahali pa kucheka. Likizo ya Desemba inaisha, anaingia P4: masomo yameongezeka, kila somo na kitabu chake, vitabu vyote Kiingereza, na mwaka mmoja tu wa kuvuka daraja ambalo Kagera wanalivuka wakiwa na ndevu. Wale wa mjini hawana afadhali: shule nyingi zinaanza Kiingereza P1 kwa sababu wazazi wanataka, kwa hiyo mtoto hajawahi kusoma kitu chochote kwa lugha anayoota nayo. Nadhani binti wa BabaTatu ni wa kundi hili.

Mtoto akikwama P4 anafanya nini? Anajifunza kusikika. Darasa langu ni 94. Nikisema "Someni," wanasoma kwa pamoja, ukuta unatetemeka, mkaguzi nje anatikisa kichwa kwa furaha. Ndani ya sauti ile kuna ishirini wanaosoma na sabini na wanne wanaoimba. Kuwatenganisha nahitaji kumsikiliza mmoja mmoja, dakika tatu tatu, hiyo ni karibu saa tano. Kipindi changu ni dakika arobaini.

Na kabati la vitabu vya hadithi lipo, lina kufuli. Vikiraruka nani atalipa?

Dada_wa_Koboko

Shikamooni. Mimi niko S2, simu ni ya kaka, naandika haraka.

Mwalimu Chaki amesema kweli. Kwenye mtaala mpya wa sekondari, ulioanza na S1 wa mwaka 2020, Kiswahili ni lazima S1 na S2. Ufahamu wa Kiswahili mimi napata wa kwanza au wa pili darasani, kwa sababu huku Koboko Kiswahili tunacho sokoni tangu utoto. Ufahamu wa Kiingereza niko wa mwisho mwisho. Mwalimu mmoja aliniambia nina tatizo la kusoma. Mwingine, wiki hiyohiyo, aliniambia nina kipaji cha kusoma. Kichwa ni kimoja.

Tena mtaala mpya hautaki kukariri, unapewa habari ndefu ya tukio fulani na unaambiwa utatue tatizo. Wasioelewa habari wanaandika kitu chochote kizuri kuhusu kunawa mikono. Kunawa mikono kunaingia kila mahali, mwalimu huwa anaweka tiki.

Kaka anataka simu.

Mpita_Njia

Huyu apewe uwaziri mara moja.

Kagera_Juu

Naunga mkono hoja.

Namba_Kwanza

Kwa wale wanaouliza kama kuna kilichowahi kufanya kazi: kipo, na hakikuwa mbali. Eneo la Lango, kaskazini mwa nchi, mwaka 2013, shule 38 ziligawanywa kwa kura. Baadhi zilipata mpango kamili wa shirika la Mango Tree wa kufundisha P1 kusoma Leblango, lugha ya huko: walimu wakafundwa na kutembelewa darasani, wakapewa vitabu, watoto wakapewa vibao vya kuandikia, darasa likapata saa ya ukutani. Watoto wakapanda sana. Kundi la pili lilipata mpango huohuo kwa bei nafuu, mafunzo yakipitia wakufunzi wa kawaida wa serikali, bila vibao na bila saa. Kusoma kulipanda kidogo tu, na baadhi ya vipengele vya kuandika vilizorota kuliko shule ambazo hazikupewa chochote.

Huwa naikumbuka hii kila nikisikia mtu anasema "tutaanza na toleo dogo".

Mwalimu_Chaki

Saa ya ukutani! Watu watacheka, lakini bila saa mimi nitajuaje dakika tatu za mtoto zimekwisha?

BabaTatu_Busia

Wakuu nimerudi. Samahani, malori yalikuwa mengi.

Kwanza nikiri kitu ambacho sikukiandika mwanzo. Binti huyu aliingia P1 Februari 2020. Tarehe 20 Machi shule zikafungwa. Alikuwa amesoma wiki saba hivi. Shule zilipofunguliwa kikamilifu ilikuwa tarehe 10 Januari 2022, akasukumwa P2 kama wenzake, na tangu hapo hajawahi kurudia darasa. Herufi alifundishwa na binamu yake chini ya mwembe, kwa mkaa juu ya boksi. Nikisoma anayosema Mwalimu kuhusu kujifunza kusikika, naona mtoto wangu alianza shule kwa kusikika tu, hakupewa nafasi ya kingine. Na mimi nilikuwa naona ripoti, naona namba, nalipa. Karatasi moja nilikuwa naikagua, ya pili sikuwahi kuifungua.

Pili, Jumapili nilifanya kile kipimo cha nyumbani. Sikuwa na karatasi ya Uwezo, nikaandika mwenyewe hadithi mbili fupi, sentensi nane nane, moja ya Kiingereza cha chini kabisa, moja ya Kiswahili. Ya Kiswahili ilikuwa ya mbuzi aliyekula risiti ya forodha, msiniulize nimeitoa wapi. Kila hadithi maswali manne.

Kiingereza alisoma mbio, akamaliza kabla sijakaa sawa. Swali alilojibu ni moja, lile la jina la mtu. Kiswahili alisoma kwa kuunganisha silabi, anarudi nyuma, kidole juu ya mstari, ningekuwa mkaguzi ningesema huyu hajui kusoma. Akajibu manne yote. La tatu lilikuwa "kwa nini mwenye mbuzi hakukasirika", na jibu sikuwa nimeliandika popote kwenye hadithi, nilitaka alitoe kichwani. Akasema, "Kwa sababu sasa hawezi kulipishwa."

Mdogo wake wa P3 alishindwa zote mbili. Huyo naye nimeanza naye jana.

NubiWaBombo

Mwanangu, huyo binti mlete Bombo tumpe kamusi.

MamaFuraha_Nakivale

Baba, ile hadithi ya mbuzi tuma hapa. Mutoto wangu anataka.

BabaTatu_Busia

Nitaipiga picha kesho, Mama Furaha.

Mkuu Mpita_Njia, nimempa tena lile gazeti la mahindi. Sentensi moja kwa siku, anasoma, ananiambia kwa Kiswahili, tunaendelea. Tuko sentensi ya tano. Ameshajua bei imepanda, hajafika kwenye nani kaipandisha.

Mpita_Njia

Akifika aniambie na mimi.

BabaTatu_Busia

Jambo la mwisho, halafu nirudi kazini. Leo asubuhi nilipitia shuleni kwao. Mwalimu wake ni kijana mstaarabu, hakunikwepa. Nikamwomba kwenye ripoti ya muhula huu aandike alama za ufahamu peke yake, zisichanganywe na wingi na nafasi za kujaza. Akaitazama fomu, akaigeuza, akaniambia kwa upole, "Mzee, hakuna kisanduku chake."

Mwalimu_Chaki

Mwambie aandike nyuma ya karatasi. Mimi huandika nyuma.